Kaliémie si mji wa Kalemie: mkia wa Kigiriki kwenye karatasi ya vipimo vya damu

Swali: Shikamoo mwalimu. Baba yangu anaishi Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Mwezi uliopita alipimwa damu huko, kisha akavuka kuja kwetu Kigoma na karatasi yake ya Kifaransa. Imeandikwa: Glycémie 0,95 g/L. Urémie 0,30 g/L. Natrémie 139. Kaliémie 4,2. Calcémie 2,35. Chini kabisa daktari ameandika kwa mkono: Anémie modérée. Nimeingiza maneno hayo kwenye simu, ikaniambia urémie ni figo kushindwa kazi. Ile sukari ya 0,95 nayo ilinitoa jasho, maana kipimo cha jirani yetu mwenye kisukari husoma 5, 6 mpaka 12. Na hiyo Kaliémie nilidhani ni jina la mji limekosewa herufi. Binamu yangu aliyeko Sweden anasema kwao huandikwa anemi, mwenzangu kazini kaniandikia anaemia, mtandaoni naona anemia. Ni ugonjwa mmoja? Na je, kila kinachoishia na "emia" ni ugonjwa wa damu? Sisi kwa Kiswahili tuandikeje?

Jibu: Marahaba mwanangu. Tulia kwanza. Katika mistari sita uliyonitumia, ugonjwa ni mmoja tu, ule wa mwisho ulioandikwa kwa mkono. Mitano ya juu ni majina ya vipimo. Mimi ni mtu wa istilahi, si daktari. Nimekula miaka mingi nikitafsiri karatasi kama hiyo ya baba yako kutoka Kifaransa na Kiingereza. Ninachoweza kukuambia ni kwamba namba zote tano zimo ndani ya viwango ambavyo maabara huviita vya kawaida kwa mtu mzima, ikiwa baba alipimwa kabla ya kula. Hiyo anémie ndiyo ya kupeleka kwa daktari, kwa sababu damu haipungui bila kisa, na kisa hicho lazima kitafutwe.

Sasa tuje kwenye mkia. Wagiriki wa kale damu waliiita haima. Neno hilo likitanguliwa na jingine, kisha likamaliziwa kwa -ia, unapata -aimia. Hiyo -ia kwao hufanya kazi ya u- yetu katika upungufu, uzito na ugumu: hugeuza kitu kuwa hali. Kwa hiyo -aimia ni hali fulani ya damu, basi. Ugonjwa haumo humo ndani. Ukitaka kujua ni hali gani, tazama kichwa cha neno. Anaimia ina an- ya kukanusha, kisha haim- ya damu, kisha -ia ya hali. Ukiipanga kwa viambishi vyetu inakuwa kitu kama u-to-kuwa-na-damu. Aristotle alitumia jamaa za neno hilo kugawa wanyama makundi mawili: enaima, wenye damu, na anaima, wasio na damu. Wadudu, kaa na pweza akawatia kundi la pili kwa kuwa hakuona chekundu ndani yao. Mvuvi anayempasua pweza ufukweni angekubaliana naye, ingawa pweza ana damu, tena nyingi tu, ila yake ni ya buluu.

Rudi kwenye karatasi. Glycémie: kichwa chake ni glykys, tamu. Ni utamu wa damu, yaani kiasi cha sukari kilichomo, kiwe kizuri au kibaya. Mfaransa mzima wa afya ana glycémie yake, kama alivyo na kimo na uzito. Natrémie ni kiasi cha natriamu, ile sodiamu ya kwenye chumvi. Natriamu ilipata jina kutokana na natruni, yaani magadi, haya haya tunayotia kwenye maharage. Calcémie ni kiasi cha kalsiamu, na kichwa chake ni calx, chokaa kwa Kilatini; wataalamu wenye wivu na lugha hukereka kuona kichwa cha Kilatini kimeshonewa mkia wa Kigiriki, lakini limeshazoeleka.

Kaliémie ndiyo inayonifurahisha. Ni kiasi cha potasiamu, ambayo katika Kilatini cha wanakemia huitwa kalium, na ndiyo maana alama yake ni K. Kalium imetoka kwenye al-qali ya Waarabu, majivu ya mimea yaliyotumika kutengeneza sabuni. Basi neno hili moja lina kichwa cha Kiarabu, mkia wa Kigiriki na kanzu ya Kifaransa. Kufanana kwake na mji wa baba yako ni sadfa tupu. Mji huo enzi za Wabelgiji uliitwa Albertville, na potasiamu haihusiki nao kwa lolote. Lakini sikucheki: karatasi ya maabara iliyotoka Kalemie, yenye neno Kaliémie, ningekuwa wewe ningewaza hivyo hivyo.

Hofu yako imetoka wapi, kama maneno yenyewe ni ya upole namna hii? Imetoka kwenye tofauti ya mazoea kati ya Kifaransa na Kiingereza, na simu yako haikuiona. Mfaransa, pamoja na Mwitaliano na Mhispania, hupenda kuutumia mkia huu kutaja kipimo: glycémie, glicemia, glucemia. Mwingereza akitaka kutaja kiasi cha potasiamu husema tu "potasiamu ya damu", na mkia wa -aemia huutoa zaidi pale mambo yanapoharibika. Kwa hiyo mtu aliyelelewa na Kiingereza, kama wewe na mimi hapa Tanzania, akiona orodha ya -émie tano zinafuatana, anadhani mgonjwa ana maradhi matano. Alama ya hatari kwenye karatasi ya Kifaransa iko mbele ya neno: hypo-, chini, au hyper-, juu. Hypoglycémie, sukari imeshuka. Hyperkaliémie, potasiamu imezidi, na hiyo ni ya kukimbilia hospitali kwa sababu hugusa mapigo ya moyo. Karatasi ya baba haina hypo wala hyper hata moja. Ukisikia maneno hayo kwa simu badala ya kuyasoma, omba yaandikwe. Tofauti ya hipo na hipe kwenye mtandao unaokatika ni ndogo mno kubeba mzigo huo.

Urémie ndiyo mtego mkubwa kuliko yote. Kwa Kiingereza uraemia ni hali ya sumu kujaa mwilini baada ya figo kushindwa kazi. Simu yako haikudanganya kwa upande huo. Kwa Kifaransa maana hiyo ipo pia, lakini kwenye karatasi ya maabara, mbele ya namba na g/L, urémie ni kiasi cha urea kwenye damu, basi. Namba ya 0,30 ni ya kawaida kabisa. Neno moja, herufi karibu zile zile, lugha mbili jirani, na katikati yake mtoto wa mtu anakosa usingizi Kigoma.

Hapo hapo nikuonyeshe namna nzuri ya kukariri mambo haya. Kwenye urémie, mkojo umetangulia na damu imefuata: kitu cha kwenye mkojo kimo ndani ya damu. Ligeuze neno upate hématurie: damu imetangulia, mkojo umefuata, nayo maana imegeuka pamoja, damu imo ndani ya mkojo. Watu wa Unguja na Pemba hawahitaji Kigiriki kulielewa hilo la pili. Wanaijua dalili hiyo kwa kichocho, wanasema fulani anakojoa damu, na wamemaliza.

Kuhusu sukari ya 0,95. Maabara ya ng'ambo imehesabu gramu za sukari katika lita moja ya damu. Kipimo cha jirani yako huhesabu milimoli, yaani idadi ya chembe za sukari, katika lita hiyo hiyo. Kutoka gramu kwenda milimoli unazidisha kwa 5.55, na 0.95 inakuwa karibu 5.3. Ungemchoma baba kidole asubuhi ile kwa kipimo cha jirani, ungesoma tano na kitu. Tena angalia mkato: wao huandika 0,95 pale sisi tunapoandika 0.95. Nimewahi kuona mkato huo ukipotea kwenye nakala hafifu, ikasomeka 095, na muuguzi akabaki ameshika karatasi mkononi akijiuliza ni 95 ya nini. Kwa bahati kuna kipimo cha tatu, miligramu kwa desilita, ambacho 0,95 yetu huwa 95 kweli, hivyo safari ile kosa lilizaa jibu sahihi. Usilitegemee.

Umeuliza pia kuhusu tahajia, na hapo ndipo penye utamu wenyewe. Anaemia, anemia, anémie na anemi ni ugonjwa mmoja, neno moja, ila limepita mipaka tofauti. Wagiriki waliandika irabu mbili, a na i. Warumi walipoazima maneno ya Kigiriki waliibadilisha ai kuwa ae, mara nyingine zikifungwa pamoja kuwa æ. Kilatini kikaja kuwa lugha ya waganga wa Ulaya nzima, na kila taifa likairithi ae hiyo likaifanya linavyotaka. Waingereza wameihifadhi, anaemia, wanaitamka "i" na kuandika herufi mbili bila kuona tabu. Wamarekani wamefuta a wakabakiza e. Wajerumani wana Anämie kwa vidoti viwili. Wadenmark bado wana æ yenyewe, anæmi, huku jirani zao wa Sweden na Norway wakiandika anemi. Wafaransa wameweka mkwaju, anémie. Waholanzi anemie, Wahungari anémia, Wakatalani anèmia. Wahispania, Waitaliano, Wareno, Wapolandi na Wafini wote wameishia kwenye anemia ile ile kwa maandishi, ingawa ukiwasikiliza hawaitamki sawa: Mhispania hukaza ne, Mwitaliano hukaza mi. Mwenzako kazini ameandika anaemia kwa sababu tiba yetu ilisomeshwa kwa Kiingereza cha Uingereza, na Shirika la Afya Duniani nalo huandika hivyo.

Wengi huuliza hiyo a ya Waingereza ina kazi gani. Nami zamani niliiona ni mapambo tu, mpaka nilipofanya kazi na matini za Kihispania. Kihispania kina anemia na kina epidemia. Mkia mmoja? Hapana. Epidemia ni epi na demos, watu: ni jambo lililoangukia umma, na damu haimo hata tone. Bulimia ni vivyo hivyo, ndani yake mna limos, njaa. Kwa Kihispania, Kiitaliano au Kipolandi jicho halina namna ya kutofautisha -emia ya damu na -demia ya watu. Mjerumani anaziona mara moja, Anämie na Epidemie. Mdenmark pia, anæmi na epidemi. Mgiriki wa leo huandika irabu tofauti kabisa, ingawa kwa ulimi wake ai imekuwa e tupu, kiasi kwamba anaimia ikitamkwa Athens inakaribiana na anemos, upepo. Kwa hiyo ukikutana na anemometa kwenye kituo cha hali ya hewa, jua inapima upepo. Damu yako haina shughuli nayo.

H ya haima nayo ina hadithi yake. Mwanzoni mwa neno imesimama imara, na ndiyo unayoiona kwenye hemoglobini, ile Hb ya kadi ya kliniki. Waitaliano waliichoka wakaandika emoglobina. Katikati ya neno huzama. Lakini Wagiriki wenyewe hawakuipoteza ovyo: ikikutana na k, huihamishia pumzi yake, k ikawa kh. Ndiyo maana Mgiriki wa leo saratani ya damu huiita lefkhemia, kwa kh, wakati lugha nyingi za Ulaya zenye neno hilo zina k au c tupu. Sababu ni kwamba neno hilo halikutoka Ugiriki. Lilitungwa Berlin. Mwaka 1845 Rudolf Virchow, daktari wa miaka 24, alieleza damu ya marehemu mmoja iliyojaa chembe nyeupe kupita kiasi, akaiita kwa Kijerumani chepesi "damu nyeupe". Mwaka 1847 akaivika Kigiriki: leukos, nyeupe, na mkia wetu, ikawa Leukämie. John Hughes Bennett wa Edinburgh alikuwa amechapisha maelezo ya mgonjwa wa namna hiyo wiki chache kabla yake, lakini yeye alidhani anaona usaha ndani ya damu, na jina alilolipendekeza baadaye, leucocythaemia, lilikuwa refu mno. Jina fupi likashinda. Maneno nayo hupigania nafasi, na mara nyingi linaloshinda ni lile linalotamkika.

Karne ya 19 ndiyo iliyoujaza ulimwengu mikia hii. Daktari Pierre-Adolphe Piorry wa Paris alikuwa mtunzi wa maneno asiyechoka. Septicémie, yaani maambukizi yaliyoingia kwenye damu, ni yake, ya mwaka 1837, kutoka neno la Kigiriki la kuoza. Hii urémie iliyokunyima usingizi ni yake pia.

Usije ukaichukua kanuni yangu ya kichwa na mkia ukaenda nayo mpaka mwisho, itakuangusha. Thalassemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, ukiisoma kwa kanuni hiyo unapata "bahari ndani ya damu". George Whipple na William Bradford walilileta jina hilo Marekani mwaka 1932, kwa kuwa watoto waliojulikana kuugua walitoka familia za pwani za Mediterania. Thalassa ni bahari. Jina likaganda, ingawa ugonjwa haukubaki kwenye bahari ile: aina yake ya alfa imeenea sana hata kwenye pwani yetu, kwenye malaria ya tangu na tangu, na wengi walionayo wanaishi bila kuijua. Iskemia nayo haisemi kilichomo kwenye damu. Inasema damu imezuiliwa njiani, haifiki kwenye moyo au ubongo.

Sasa, Kiswahili. Kabla ya kuandika lolote, jua kwamba Ulaya yenyewe haitumii Kigiriki peke yake. Mjerumani nyumbani husema Blutarmut, umaskini wa damu. Mholanzi ana bloedarmoede na Mhungari vérszegénység, wote wakiwa na maana hiyo hiyo ya umaskini. Mrusi husema malokrovie, uchache wa damu. Watu wa Iceland huita blóðleysi, kukosa damu. Kila lugha ina neno la hospitali na neno la jikoni, na sisi vivyo hivyo: anemia hospitalini, upungufu wa damu au kuishiwa damu mtaani. Wazee wana safura pia, neno la asili ya Kiarabu lenye rangi ya njano ndani yake. Lakini safura imefungamana na minyoo inayonyonya damu, na uvimbe, na hamu ya kula udongo, kwa hiyo usimwambie baba ana safura kabla daktari hajaijua sababu. Tena wakati mwingine neno la nyumbani hulipita la wageni. Wakongo wakifuata Wafaransa husema drépanocytose, na drepanon ya Kigiriki ni mundu. Sisi tumesema selimundu, na mtoto wa darasa la tatu anaiona chembe iliyopinda bila kufundishwa Kigiriki.

Ushauri wangu: andika anemia, au upungufu wa damu ukiwaandikia watu wa nyumbani. Anaemia usiiingize kwenye sentensi ya Kiswahili, na sababu nilifundishwa na mama mmoja miaka mingi iliyopita. Tulikuwa tunajaribu kipeperushi cha wajawazito kabla hakijachapwa, tunawapa watu wakisome kwa sauti. Mstari mmoja ulisema "mjamzito mwenye anaemia apewe vidonge vya madini ya chuma". Mama yule akasoma vizuri mpaka hapo, akasimama, akarudia polepole, "mwenye ana-emia", kama unavyosoma anaumia au anaelea. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, kuemia ndiyo kufanyaje?" Kipeperushi kikarudi mezani siku ile ile.

Na ukiitamka usihangaike kuiga Kiingereza cha redioni. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ane-MI-a, na Mgiriki wa leo naye hukaza hapo hapo.